Boga la Akiba, Boga la Sikukuu

Majani ya miti yanapoanza kupukutika katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, maboga hupangwa hadi nje ya milango ya maduka, na majikoni hurudi pishi moja lisilobadilika sana kutoka nyumba hadi nyumba. Boga humenywa, hukatwa vipande, huchemshwa au kupikwa kwa mvuke mpaka lilainike, hukamuliwa maji, kisha hupondwa na kuchanganywa na mayai, kitunguu kilichokaangwa, jibini na kitu kizito chenye asili ya maziwa. Mchanganyiko huo hutandazwa kwenye bakuli la kuokea, hunyunyiziwa chenga za biskuti za chumvi zilizolowa siagi, na huachwa ndani ya oveni mpaka kingo zitokote na juu pageuke rangi ya hudhurungi. Ndiyo kaseroli ya boga. Mmarekani akiulizwa asili yake, aghalabu atasema ni chakula cha mavuno kilichorithiwa kutoka kwa mabibi waliokuwa wakulima. Jibu hilo linapendeza masikioni, ila haliendani na ushahidi. Kwa sehemu kubwa ya historia ya kaskazini mwa Amerika, mapukutiko hayakuwa majira ya kula boga. Yalikuwa majira ya kulivuna, kulianika na kulificha, na kulila kulingojea baadaye, theluji ikishafunika mashamba. Kaseroli ya Oktoba na Novemba ni chakula cha watu walioacha kuogopa majira ya baridi, na woga huo uliwatoka hatua kwa hatua katika miaka inayoweza kutajwa.

Ukongwe wa boga lenyewe haubishaniwi. Mbegu za boga la kupandwa zilizochimbuliwa katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, zina umri wa miaka ipatayo 10,000. Kwa maneno mengine, watu wa bara hilo walikuwa wakilima maboga kabla ya kuwa na mahindi au maharage ya kupanda kando yake. Maboga ya porini yalikuwa machungu, hayaliki, na inaelekea walioanza kuyajali walitaka mbegu zake na gamba lake la kuwekea vitu, muda mrefu kabla ya kupatikana yenye nyama tamu. Kwa hoja yetu, tofauti iliyo muhimu ni moja. Yapo yanayochumwa machanga, gamba lingali laini kiasi cha kupenya ukucha. Hayo ni mamumunye, na hayakai zaidi ya siku chache. Na yapo yanayoachwa shambani mpaka yakomae, gamba likakauka na kuwa gumu kama ubao. Haya ya pili yakivunwa kabla ya jalidi, yakaachwa yakauke vizuri na kuwekwa mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, hukaa miezi miwili, mitatu, mengine hata sita, bila chumvi, bila moshi, bila sukari. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo ardhi hufungwa na barafu kuanzia Desemba hadi Machi, thamani ya boga ilikuwa katika kukaa kwake, na utamu ulikuja nyuma.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka kwa mkulima mwanamke wa taifa la Hidatsa, katika bonde la mto Missouri, eneo ambalo leo ni jimbo la North Dakota. Wazungu walimwita Buffalo Bird Woman. Alimweleza mwanaanthropolojia Gilbert Wilson kila hatua ya kilimo cha wanawake wa kwao, na maelezo hayo yakachapishwa mwaka 1917. Anasema mavuno ya maboga yalianza Agosti, wala hawakungoja yakomae: boga lilichumwa likiwa na umri wa siku nne hivi, likakatwa vipande vya duara kwa kisu kilichochongwa kutoka mfupa wa bega la nyati. Vipande vilitungwa kwenye fito za mti wa jamii ya mwerebi, vikaanikwa juu ya jukwaa mpaka vikauke, kisha vikahamishiwa kwenye kamba ndefu za majani. Kamba hizo zilishushwa ndani ya shimo la akiba chini ya ardhi na kulazwa katikati kabisa, zikizungukwa na mahindi ili unyevu wa kuta usizifikie. Baridi ikishika, mpishi alichukua kipande cha kamba, akafunga ncha zake pamoja, akakitumbukiza chunguni na maharage, na boga lilipoiva aliliopoa lote kwa mkupuo mmoja kwa kushika ile kamba. Baadaye aliliponda na kulirudisha kwenye maharage, pamoja na unga wa mahindi na wa mbegu za alizeti zilizokaangwa. Mtu anayetafuta pishi la asili la boga la Amerika na alitazame hili. Halina oveni, na limepangwa toka mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya miezi ambayo shamba halitoi kitu.

Walowezi wa Kiingereza waliofika pwani ya Massachusetts katika karne ya 17 walilipokea boga kwa shingo upande. Barua ya Edward Winslow ya Desemba 1621, ambayo ndiyo msingi wa hadithi ya karamu ya kwanza ya shukrani pale Plymouth, inataja ndege waliowindwa na paa watano walioletwa na watu wa Wampanoag, lakini boga halimo ndani yake. Tunaambiwa zaidi na John Josselyn, msafiri aliyeishi New England kwa vipindi viwili na kuchapisha kitabu chake mwaka 1672. Kwa maelezo yake, akina mama walikata maboga yaliyokomaa vipande vidogo, wakajaza chungu cha galoni mbili au tatu, wakakiacha juu ya moto wa pole kutwa nzima bila kutia tone la maji. Kila vipande vilipobonyea, waliongeza vingine. Mwishoni waliweka siagi, siki kidogo na tangawizi, wakala pamoja na samaki au nyama. Josselyn, aliyekuwa mtu wa dawa, anaongeza bila haya kwamba chakula hicho huleta mkojo kwa wingi na hujaza tumbo gesi. Lakini la kuzingatia ni namna anavyokitambulisha: anakiita chakula cha zamani na cha siku zote cha New England. Hakukihusisha na sherehe wala na majira ya mavuno. Kilikuwa chakula cha kushibia, kilichopikwa muda wote ambao maboga yalikuwapo stoo, tena wengi wakikila kwa kukosa kingine.

Mambo yaliendelea hivyo hadi katikati ya karne ya 19, na boga lililotawala enzi hiyo linaonyesha watu walitafuta nini. James Gregory, mfanyabiashara wa mbegu wa mji wa Marblehead, Massachusetts, alilitambulisha sokoni boga la Hubbard katika miaka ya 1850, akalipa jina la mwanamke wa mji huo aliyemwonyesha sifa zake. Hubbard ni pande la boga: kilo tano, nane, wakati mwingine zaidi ya kumi, lenye vinundu na gamba ambalo kisu cha kawaida hakilifanyi kitu. Watu walilipasua kwa shoka, au walilipiga chini kwenye sakafu ya mawe. Hakuna mpishi wa leo angelichagua kwa chakula cha jioni cha watu wanne. Lakini lilidumu stoo hadi Februari na Machi, na Gregory alipochapisha kitabu kizima juu ya kilimo cha maboga mwaka 1867, suala la namna ya kuyahifadhi baada ya mavuno lilitajwa hadi kwenye jalada. Kanuni za stoo zilijulikana na kila nyumba ya mkulima: boga lililovunjika kikonyo, lililochubuka, au lililoguswa na jalidi lisiwekwe pamoja na mengine, maana litaoza na kuambukiza jirani zake. Hayo mabovu-mabovu ndiyo yaliyoliwa mwanzo. Basi, kama familia ya shambani ilikula boga Oktoba, kwa kawaida ilikuwa ikila yale yaliyokataliwa na stoo.

Hapa msomaji wa vitabu vya kale vya mapishi atanipinga, na atakuwa na ushahidi mkononi. Mwaka 1796, pale Hartford, Connecticut, Amelia Simmons alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mapishi kuandikwa na Mmarekani kwa Wamarekani. Ndani yake mna pishi la boga la majira ya baridi ambalo, ukiondoa viungo viwili vitatu, ni kaseroli tupu: boga lililochemshwa na kupondwa, tufaha zilizopikwa, mkate mkavu au biskuti iliyosagwa kama unga, maziwa au malai, mayai matano au sita, kungumanga, chumvi, sukari, vyote vikapigwa pamoja na kuokwa. Biskuti zimo, mayai yamo, oveni imo. Je, si bibi huyo anayesimuliwa?

Pingamizi hili ni zito, na halijibiki kwa kusema kwamba Simmons alitaka pia maji ya waridi na divai. Jibu liko kwenye moto. Oveni ya siku zile ilikuwa pango la matofali kando ya meko. Ilijazwa kuni zikawaka kwa saa kadhaa, majivu yakafagiliwa, kisha mama akaingiza mkono na kuhesabu ili ajue kama joto limefaa. Vyakula viliokwa kwa kufuatana, kutoka kinachotaka moto mkali hadi kinachotaka wa pole, kwa kadiri matofali yalivyopoa. Nyumba nyingi ziliwasha oveni hiyo mara moja kwa wiki. Kuni, muda na mayai sita kwa bakuli moja vilikuwa gharama ya siku maalumu au ya nyumba yenye nafasi. Pishi la Simmons ni la kweli, ni la Marekani, na halina uhusiano wa lazima na mapukutiko: boga analolitaja ni lile la kukaa stoo, na mayai na maziwa ya kulipika hupatikana kwa wingi majira ya kuchipua kuliko Novemba, kwa sababu kuku wa zamani walipunguza kutaga siku zilipofupika na ng'ombe wengi waliachwa wakauke maziwa. Ninakubali kwamba umbo la kaseroli lilikwishajulikana mwaka 1796. Kilichokosekana ni hali ya kuwezesha mtu wa kawaida kulipika jioni ya Jumanne bila kuhesabu kilichobaki stoo.

Sikukuu ilitangulia kuleta mabadiliko, kabla ya teknolojia. Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida maarufu la wanawake, alifanya kampeni kwa miaka mingi ili Siku ya Shukrani iwe sikukuu ya taifa zima. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Abraham Lincoln akaitangaza kwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba, na sheria ya 1941 ikaifunga kwenye Alhamisi ya nne. Katika riwaya yake ya 1827 Hale alikuwa amekwisha kuchora meza ya sikukuu hiyo, na boga lilikuwapo, likiwa ndani ya keki ya unga iitwayo pai. Kwa hiyo ipo siku moja ya mapukutiko ambayo boga liliheshimiwa, lakini siku moja si msimu. Mwanahistoria Cindy Ott, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu boga la Marekani, anaonyesha kwamba mapenzi ya Wamarekani kwa zao hili yaliongezeka kadiri walivyoondoka shambani. Sensa ya 1920 ndiyo ya kwanza kukuta wakazi wa mijini ni wengi kuliko wa vijijini. Nakubaliana naye, ila nadhani hamu ya shamba haitoshi kueleza kila kitu. Watu hutamani mengi ya zamani bila kuyapika. Hamu ilihitaji vyombo.

Vyombo vikaja, na vingi vilikuja karibu kwa pamoja. Mwaka 1913 Bessie Littleton, mke wa mwanafizikia wa kiwanda cha vioo cha Corning, New York, alipasukiwa na bakuli lake la kuokea, akamwomba mumewe, Jesse, amletee kitu kutoka kazini. Mume alileta vyombo vya kioo vya betri vilivyokatwa chini, mke akaoka keki ndani yake, na keki ikaiva sawasawa. Miaka miwili baadaye Corning ikaingiza sokoni vyombo vya Pyrex. Katika miaka hiyohiyo ya 1910 kampuni ya American Stove ilianza kuuza majiko ya gesi yenye kifaa cha kudhibiti joto la oveni. Umuhimu wake unaonekana ukijua tabia ya boga: zaidi ya robo tatu ya nyama yake ni maji, na mumunye limezidi hapo. Mayai ndiyo yanayoshika maji hayo yakawa kitu cha kukatika kwa kijiko, lakini joto likizidi, mayai hukaza na kuyatema maji yote, na bakuli likageuka mchuzi wenye vibonge. Zamani vitabu vilisema tu "moto wa pole" au "moto wa kasi", na kila mtu akajijua. Sasa mpishi aliweza kuandika nyuzi 350 za Fahrenheit, sawa na 177 hivi za Selsiasi, na mpishi mwingine aliye umbali wa kilomita elfu akapata matokeo yaleyale. Bila namba hiyo, pishi la kaseroli lisingeweza kusafiri kwa karatasi.

Kisha likaja kopo. John Dorrance wa kampuni ya Campbell alibuni supu nzito ya kopo mwaka 1897, na mwaka 1934 kampuni hiyo ikatoa supu ya uyoga yenye malai. Mwaka huohuo wa 1934 biskuti za chumvi za Ritz zikaingia madukani. Kabla ya hapo mama aliyetaka kuunganisha boga na jibini alilazimika kupika sosi nyeupe, kukoroga unga na siagi na maziwa bila kuacha vidonge, kazi iliyokuwa fahari ya shule za upishi na mateso ya wengine wote. Kopo liliifuta kazi hiyo. Unga uliomo ndani ya supu ulinywa maji ya boga, mafuta yake yaliyazuia mayai yasikaze upesi, na biskuti za juu zilimaliza unyevu uliobaki. Wapishi wa majarida ya leo wanapenda kuicheka supu ya kopo. Wangeipika kaseroli ya mumunye bila kitu cha kushika maji, wangeelewa kwa nini mabibi zao waliishika kwa mikono miwili.

Boga nalo likabadilishwa ili lilingane na maisha mapya. Mwaka 1913 kampuni ya mbegu ya Iowa iliuza boga dogo lenye umbo la tunda la mwaloni, nusu yake ikimtosha mtu mmoja. Katika miaka ya 1940 Charles Leggett wa Stow, Massachusetts, alizalisha Butternut, boga lenye ngozi laini inayomenyeka kwa kisu cha kawaida, lenye mbegu chache zilizokusanyika upande mmoja, na saizi ya mlo mmoja wa familia. Toleo lake bora, Waltham Butternut, lilipewa tuzo ya kitaifa ya mbegu mwaka 1970. Linganisha sifa hizo na za Hubbard na utaona yaliyotupwa na yaliyopokelewa. Gamba la shoka limeondoka, miezi sita ya stoo imeondoka, na mahali pake umekuja wepesi wa kubeba na kukata. Mtu hununua Butternut Jumamosi, hulipika Jumapili. Stoo yake ni duka.

Ushahidi unaonishawishi zaidi, hata hivyo, unatoka majimbo ya kusini. Huko Georgia, Alabama, Tennessee na Texas, kaseroli inayowekwa mezani Siku ya Shukrani haitokani na boga la gamba gumu hata kidogo. Hupikwa kwa mumunye la manjano, linalochumwa Juni na Julai katika joto kali, na ambalo mwezi Novemba limeshakufa shambani katika sehemu nyingi za kusini. Lilifikaje kwenye meza ya mapukutiko? Kwa friji ya kugandisha. Clarence Birdseye alianza kuuza vyakula vilivyogandishwa kwa rejareja huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili friji za kugandisha zikaingia majumbani. Familia ya kusini hukata mamumunye ya Julai, huyachovya kwenye maji yanayochemka, huyagandisha, na kuyatoa kwa ajili ya sikukuu ya Novemba. Kama kaseroli ya boga ingekuwa kweli chakula cha mavuno, Wakusini wangekula yao Julai, na kwa hakika wengine huila, ila hakuna anayeiita urithi katika joto lile. Inakuwa urithi ikiingia Novemba.

Wapo watakaosema: basi ni ujanja wa makampuni tu. Kwa vyakula kadhaa vya sikukuu hiyo, wana haki. Viazi vitamu vilivyofunikwa peremende laini nyeupe vilienezwa na kijitabu cha kampuni ya peremende mwaka 1917, na kaseroli ya maharage mabichi ina mwandishi anayejulikana, Dorcas Reilly, aliyeibuni mwaka 1955 katika jiko la majaribio la Campbell huko Camden, New Jersey. Kaseroli ya boga haina mama wa namna hiyo. Ukiitafuta, utaikuta kwenye vitabu vilivyochapishwa na vikundi vya wanawake wa makanisa na wa hisani, vyenye mgongo wa plastiki, vilivyouzwa ili kuezeka paa au kununua kinanda; desturi hiyo ya vitabu ilianza na kitabu cha Maria Moss cha 1864, kilichouzwa Philadelphia kusaidia majeruhi wa vita. Katika kitabu kimoja cha namna hiyo mara nyingi utakuta kaseroli za boga tatu au nne zikifuatana, moja na malai machachu, moja na pilipili hoho, moja na karoti na mkate wa viungo, kila moja na jina la mchangiaji chini yake, ambalo hadi miaka ya 1950 na 1960 lilikuwa mara nyingi jina la mume. Kamati haikuthubutu kumkataa yeyote. Makampuni yaliuza viambato. Wanawake hawa ndio waliovifanya viwe chakula, kwa sababu bakuli moja la bei nafuu liliweza kubebwa likiwa moto hadi kwenye msiba, kwa mzazi, au kwenye ukumbi wa kanisa, na likalisha watu kumi.

Uhusiano huu wa chakula na kalenda ya watu, badala ya kalenda ya shamba, hautatushangaza sisi wa Afrika Mashariki. Boga letu ni mgeni kutoka Amerika hiyohiyo, lililovuka bahari kama mahindi na mihogo baada ya Wareno kufungua njia zao, na Butternut ya Massachusetts ni ya spishi moja na maboga mengi yanayolimwa kwetu, Cucurbita moschata. Huku halikukutana na theluji, basi hakuna aliyelazimika kulificha. Tukala majani yake, tukakaanga mbegu zake. Lakini nalo lilipata msimu wake wa heshima. Ukanda wa pwani hulipika kwa tui la nazi, iliki na sukari kidogo kwa ajili ya futari, na kwa kuwa Ramadhani hufuata mwandamo wa mwezi na kurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, futari ya boga huzunguka mwaka mzima, masika na kiangazi, bila kujali shamba linasema nini. Msimu wa boga la Mombasa na Unguja umewekwa na ibada. Wa boga la Ohio umewekwa na sikukuu ya taifa, duka na friji.

Jambo moja zaidi linapaswa kusemwa kwa wanaoamini kwamba kopo ndilo lililowatenga na boga la kweli. Sehemu kubwa ya boga la kopo linalouzwa Marekani hulimwa Illinois, kuzunguka mji wa Morton, na aina inayotumika, Dickinson, ni moschata pia, ndugu wa Butternut na wa maboga yetu, wala si lile boga la duara la rangi ya chungwa linalochorwa kwenye matangazo. Tena boga la kopo hukaa miaka. Kati ya vyakula vyote vya boga vilivyopo sokoni leo, hilo ndilo linalofanya kazi iliyofanywa na stoo ya mkulima wa Massachusetts na shimo la akiba la Hidatsa.

Msomaji uliye Portland, Maine, au Minneapolis, unayekaribishwa kila Novemba kwenye meza yenye bakuli hili na kuambiwa kwamba hivyo ndivyo walivyokula watu wa kale, kula bila wasiwasi, ni chakula kizuri. Ila ukitaka kweli kula boga kwa desturi ya kale ya nchi hiyo, nunua gumu lenye kikonyo kizima mwezi Oktoba, liweke mahali pakavu penye ubaridi kidogo, usiliguse sikukuu, ulipasue Februari.